Sinki la Bibi na Kiu ya Newala

Ndugu msomaji, historia tuliyofundishwa darasani ilijaa masultani, vita na mikataba. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia kwamba historia inaweza kukwama ndani ya bomba la sinki. Mimi niliikuta humo, kijijini Lupaso, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, nikiwa nimepiga magoti kwenye saruji na mikono imejaa tope jeusi mpaka viwikoni. Naomba nikusimulie ilivyokuwa, maana tope lile lilikuwa limetoka mbali.

Lupaso iko wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Ukitoka Dar unavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, unaipita njia ya Kilwa na Lindi, unaikuta Nyangao, unaikuta Ndanda, hadi yanapotokeza yale majabali ya Masasi. Hapo umeshafika nyumbani, kilichobaki ni bodaboda na vumbi. Jina la daraja na jina la kijiji yana udugu. Benjamin William Mkapa, aliyekuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1995 hadi 2005, alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 na akazikwa Lupaso tarehe 29 Julai 2020. Wageni wengi hufika kijijini kwa ajili ya kaburi lile. Mimi nilifika kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binamu yangu, nikaishia chini ya sinki.

Sinki lenyewe alilileta mjomba. Msimu wa 2017 bei ya korosho ilipanda, na kila mwenye mikorosho alijiona mfalme. Wengine walinunua pikipiki. Mjomba alimjengea mama yake jiko la ndani: vigae ukutani, tangi la plastiki juu ya mnara wa matofali, na sinki la bati linalong'aa kama kioo. Kijiji kizima kilikuja kulitazama. Bibi alilitazama pia, akashukuru, akaenda nje kuosha vyombo kwenye karai lake kama siku zote. Mjomba akakasirika. "Mama, mimi nimetumia hela zote hizi, halafu wewe unaendelea kuchutama nje? Maji machafu ni ya kumwaga humu!" Bibi akasema, "Nimesikia, mwanangu." Na kweli alisikia. Namna alivyosikia ndiyo kisa chenyewe.

Jumamosi ya kuamkia komunyo nyumba ilijaa. Kuna sufuria za pilau, kuna masufuria ya mihogo, kuna akina mama wa jumuiya wamekuja kusaidia, na sinki limegoma. Maji yamesimama, yana utando wa mafuta, na yanatoa harufu. Fundi alipigiwa simu Masasi. Akataja nauli, akataja posho, akataja na vifaa, tukamwambia asante. Hapo ndipo mimi, kijana wa mjini, nilipojitia ushujaa. Nikasema nitazibua mwenyewe. Mjomba akacheka. "Wewe na makaratasi yako? Bomba na kalamu wapi na wapi!"

Nilipanda bodaboda hadi Masasi, nikarudi na ile kofia ya mpira yenye mpini wa mti. Dukani tuliiita mpira wa kuzibulia, na muuzaji hakuuliza zaidi. Wenzangu ambao hamjawahi kuishika, kazi yake ni rahisi ukiijua. Unahakikisha maji sinkini yanafunika ukingo wa mpira. Ukiona tundu la pembeni la kuzuia maji yasifurike, unaliziba kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo nguvu yako yote itatokea huko. Unabandika mpira juu ya tundu la chini, unaukandamiza taratibu hewa itoke, halafu unasukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta, mara ishirini bila kuuinua. Kuvuta kunafanya kazi sawasawa na kusukuma. Wengi wanadhani ni kusukuma tu.

Kifaa hiki si cha jana. Katika miaka ya 1870, bwana mmoja wa New York aitwaye John Samuel Hawley, mtengenezaji wa peremende, aliandikisha hataza ya kofia ya mpira ya kuzibulia mabomba. Hapo tunaweza kudhani habari inatuhusu kwa mbali tu. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Mpira kwetu, kabla ya kuwa ule unaopigwa uwanjani, ni mmea: mtambaazi wa porini unaotoa utomvu mweupe. Aina yake moja mashuhuri wanasayansi waliipa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 utomvu huo ulikuwa biashara kubwa ya kusini. Watu waliukata vichakani, na uwanda wa Makonde ukiwa mmojawapo wa machimbuko yake, wakauviringisha kuwa mabonge, ukateremshwa hadi Lindi na Mikindani, ukapakiwa majahazini na melini kwenda ng'ambo. Sidai kwamba mpira wa Bwana Hawley ulitoka Newala. Nasema tu kwamba babu zetu waliukata mpira, na mimi mjukuu wao niliununua Masasi kwa shilingi, umeshakuwa kofia. Biashara zetu nyingi ndivyo zinavyokwenda.

Basi bwana, nikasukuma na kuvuta. Mara ya kumi na tano hivi bomba likakoroma kama mzee aliyeamshwa, na likatapika maji meusi. Nikachota kwa kiganja. Majivu! Majivu na mchanga. Nikasimama, nikasema kwa sauti iliyofika uani kwa akina mama wote: "Bibi! Nani anamwaga majivu kwenye sinki? Mambo gani haya ya kizamani?"

Uani kukawa kimya. Mama mmoja akainama kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Bibi alikuwa mlangoni. Bibi yangu huwa ananiita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu, na kila nikija huniuliza mahari yake iko wapi. Siku ile hakunitania. Alisema, "Ni mimi, baba," akaondoka. Aliponiita baba nikajua nimeharibu.

Usiku, wageni walipolala, nilimfuata barazani. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe." Akanyamaza sana. Halafu akaanza, si kunijibu, kusimulia.

Bibi si mzaliwa wa Lupaso. Alizaliwa juu, uwandani, upande wa Newala, miaka michache baada ya Mkapa kuzaliwa huku chini. Kule juu ardhi ni ya kichanga. Mvua hunyesha ya kutosha, lakini ikitua inazama moja kwa moja kama imeitwa. Mto hakuna, kijito hakuna. Maji yanatokeza chini kabisa, miguuni pa mteremko. Kwa hiyo msichana wa Newala aliyajua maji kwa miguu: unashuka mtungi ukiwa mtupu alfajiri, unasubiri zamu chemchemini, unapanda na mzigo kichwani jua likiwa utosini. Bibi alisema walipofika njia ya mawe walikuwa hawaongei. "Ukiongea, shingo inacheza. Shingo ikicheza, maji yanamwagika. Na yakimwagika, unarudi chini." Wenzetu wanasema maji yakimwagika hayazoleki kama methali. Kwake yeye ilikuwa adhabu ya kutembea.

Kwa nini watu wakae mahali pasipo na maji? Wamakonde wana jibu lao la kale. Wanasimulia kwamba mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi akaikuta imekuwa mwanamke. Wakazaa mtoto karibu na mto, akafa. Wakahama, wakazaa tena bondeni, akafa. Wakapanda juu uwandani, na mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo wakausiwa wasikae karibu na mito mikubwa, kwani huko kuna maradhi na mauti. Mwanahistoria ataongeza sababu nyingine. Karne ya 19 mabondeni kulipita misafara ya watumwa, na Wangoni wakashambulia, hata Masasi ya wamisionari ikavamiwa mwaka 1882. Vile vichaka vizito vya juu vilikuwa ngome. Watu walichagua kiu ili wabaki hai.

Mwaka 1906, vita ya Maji Maji ikiwa imeanza mwaka mmoja kabla, Mjerumani Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi akapanda kukaa Newala. Kitabu chake kilitoka 1908, na habari ya uwanda usio na maji imo. Miaka zaidi ya arobaini baadaye bibi yangu alikuwa bado anashuka mteremko na mtungi. Katika miaka ya 1950 ndipo serikali ya kikoloni ilipounda shirika la maji la Makonde, mashine zikasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu, yakauzwa kwenye vioski. Bibi anakumbuka mama yake akilipia debe. Anakumbuka zaidi kwamba debe hilo lilikuwa na kazi nne. Kwanza ni la kunywa na kupikia. Yaliyobaki ni ya kuoshea nafaka. Hayo hayo ya nafaka yanaoshea vyombo, kwa majivu, mchanga na makumbi ya nazi, maana majivu hukata mafuta kwa maji kidogo. Na mwisho, kile kilichobaki kilimwagwa kwenye shina la mpapai. Tone lililofika ardhini bila kufanya kazi liliitwa uvivu.

Uhuru ulikuja na ahadi. Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka ishirini: ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji umbali usiozidi mita 400. Wafini wakaja Mtwara na Lindi, vikachimbwa visima, zikafungwa pampu za mkono. Ikafika 1991, na ndoo bado zilikuwa njiani. Mwaka 2002, wakati wa urais wa mwana wa Lupaso mwenyewe, ikatoka Sera ya Maji ya Taifa iliyosema wananchi nao wachangie gharama na kuiendesha miradi yao. Siandiki haya kumlaumu mtu. Waliotega chemchemi na kulaza mabomba walifanya kazi kubwa. Ila katika masimulizi yote hayo, ya mkoloni na ya kwetu, maji yanakuja tu. Yanaletwa, yanazinduliwa, utepe unakatwa, watu wanapiga picha pembeni ya bomba linalotiririka. Baada ya hapo yanakwenda wapi? Hakuna aliyewahi kukata utepe kwenye shimo la maji machafu.

Pwani walilijua jambo hili zamani. Gedi, kule Malindi, nyumba za mawe za karne ya 15 zilikuwa na vyoo na mahali pa kunawia, na maji machafu yalitengewa njia yake. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alileta maji ya bomba Mji Mkongwe kutoka Chemchem, akajenga na hamamu ambayo mtaa wake unaitwa Hamamni hadi leo. Kujenga njia ya maji kutoka kulikuwa alama ya utajiri, kwa sababu anayeweza kuyaacha maji yaende ni yule anayejua mengine yanakuja. Hata neno letu lina habari: karo, ambalo wengine wanaliita sinki la kuoshea vyombo, kwa watu wa Dar ni shimo la maji machafu. Bibi yangu hakuwa na karo la aina yoyote. Alikuwa na mpapai.

"Sasa mjomba wako akaniambia nimwage humu," alisema. "Nikafikiri sana. Maji ya suuza ni mazuri, nikimwaga humu nitakuwa nimeyaua. Hayo nikayapeleka kwenye mpapai. Yale mazito ya chini ya karai, yenye mchanga, hayana faida kwa mtu, nikampa yeye sinki. Si ndiyo kumtii mwanangu?"

Ndugu msomaji, nilijisikia mdogo kama sisimizi. Mimi niliona uchafu wa kizamani, kumbe pale palikuwa na hesabu. Bibi alilitii sinki kwa kulipa kile tu ambacho maisha ya uwandani yalimfundisha kwamba hakina thamani. Na sinki, kwa umbile lake, linahitaji kinyume chake. Lile bomba lililopinda chini yake lina asili yake: mwaka 1775 mtengeneza saa Mskoti aitwaye Alexander Cumming aliandikisha huko London choo chenye bomba lililopindwa ili maji kidogo yabaki kwenye kona na kuzuia harufu isirudi ndani. Ni ujanja mzuri sana. Lakini kona hiyo inadhani kila siku itapitiwa na maji mengi ya kuisukuma takataka. Ukiipa mchanga na majivu bila maji, inaweka akiba.

Jumapili alfajiri, kabla ya misa, nilirudi kazini, safari hii Bibi akiwa ameketi kwenye kigoda pembeni ameshika kibatari, ingawa taa ya umeme ilikuwepo. Mpira ulikuwa umefanya uwezalo. Mchanga ulioshindiliwa hausukumiki, unazidi kushindilia. Nikaweka ndoo chini ya kona. Zile nati za plastiki nikazilegeza kwa mkono, ya pili ikanishinda, nikaifunga kitambaa nikaizungusha kwa spana malaya ya mjomba, polepole isije ikapasuka. Kona ikatoka. Ilikuwa nzito kama tofali.

Nilipoigonga ndani ya ndoo, vikatoka kwa tabaka. Juu kulikuwa na ukoko wa mafuta ya pilau la juzi. Chini yake majivu laini, yameganda kama udongo wa mfinyanzi. Chini kabisa mchanga safi, na nyuzi za makumbi ya nazi zimeusokota. Bibi akasogeza kibatari, akatazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mume wangu, umefukua kaburi langu kabla sijafa."

Kipande cha bomba kilichoingia ukutani nacho kilikuwa kimebana. Kwa hicho nilitumia waya wa breki wa baiskeli, ncha nimeipinda kama ndoana ndogo. Unauingiza taratibu, ukigota unauzungusha, unavuta. Usilazimishe, ukilazimisha unatoboa bomba. Nilivuta mara sita, nikarudisha kona mahali pake, nikahakikisha vile vipete vya mpira vimekaa sawa, nikakaza nati kwa mkono. Kisha nikafungua maji. Yakazunguka mara moja, yakaenda. Mjomba alisimama mlangoni akiwa na kaunda suti yake ya kanisani, akasikiliza ule mlio. "Bomba kweli," akasema, akasahau kunicheka.

Ikabaki swali la kesho. Ningeweza kumwamuru Bibi afungue maji mengi kila akiosha, kama wanavyofanya watu wa mjini. Nilijaribu kusema nusu ya sentensi, nikaona uso wake, nikaacha. Hutamwambia mtu aliyepanda mteremko wa Newala na mtungi kichwani ayaachie maji yakimbie ili bomba lifurahi. Tukafanya mapatano. Majivu na mchanga vibaki nje, na machicha ya chini ya karai yaende shimoni au shambani, kamwe yasiingie ndani. Maji ya kuoshea uso na ya suuza ya mwisho ya nguo, ambayo sabuni yake haimpendezi mpapai, yatamwagwa sinkini kwa mkupuo, ndoo nzima kwa mara moja, kila Jumamosi. Maji ya suuza ya vyombo yatabaki ya mpapai. Sinki litapata maji, na hakuna tone litakalokwenda bila kazi.

Bibi aliyafikiria masharti yale kama mtu anayesoma mkataba. "Kwa hiyo na hilo sinki linafanya kazi," akasema. "Haya, limekubaliwa."

Ule mpira niliuacha, nikautundika msumarini nyuma ya mlango wa jiko, na ule waya pembeni yake. Zile akina mama za jumuiya ziliporudi baada ya misa kupakua chakula, Bibi aliwaita jikoni mmoja mmoja. Akawaonyesha maji yanavyokwenda, akawaonyesha mpira, akawaeleza kuvuta kunavyofanya kazi sawasawa na kusukuma. Aliyajua yote, alikuwa amenitazama vizuri. Halafu mbele yao wote, kwa sauti ya kufika uani, akasema, "Huyu mume wangu ndiye aliyezibua. Mahari bado."

Nilitoka na ile ndoo ya tope, nikaimwaga kwenye shina la mpapai.